Mkono Uliotakwa Chemchemini

Ninayo, ninayo.
Umeipata wapi?
Ilinifuata njiani, nikaifungulia mlango.
Basi iketi, tuisikilize.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemvumo, juu kabisa kwenye ukungu. Ukungu wa huko ulikuwa mzito. Mtu akitoka nje asubuhi husikia kwanza sauti za watu, kisha huona miguu yao, kisha nyuso zao. Na kijiji kizima kilikunywa maji ya chemchemi moja.

Siku moja chemchemi ikanyamaza. Wanawake walipokwenda kuteka walikuta matope matupu, na ndani ya matope mna sauti. Ilikuwa sauti nyororo, kama ya mtu anayesema usingizini.

"Nipeni mkono," ikasema.

Wanawake wakaiacha mitungi yao pale pale, wakakimbia kumwambia Jumbe Shemboza.

Jumbe akaita wazee. Mmoja akasema pepo wa chemchemi ana njaa, bila shaka anataka zile ndizi ndefu ziitwazo mkono wa tembo. Wakampelekea mkungu mzima. Maji hayakutoka. Sauti ikasema, "Nipeni mkono."

Jumbe akafikiri, akasema labda pepo anaona baridi. Akachukua kanzu yake mpya, akaikata mkono wa kulia, akaupeleka mwenyewe. Maji hayakutoka. Sauti ikasema, "Nipeni mkono."

Siku zikaenda. Ng'ombe wakawa wanalamba umande majanini, midomo ya watoto ikapasuka. Ndipo wazee wakaambiana lile ambalo kila mmoja alikuwa amelificha moyoni, kwamba pepo anataka mkono wa mtu. Baraza lote likaingiza mikono ndani ya nguo. Kisha mmoja akalitaja jina la Mkunde.

Mkunde alikuwa mjane, akikaa nyumba ya mwisho, na watu walisema ana mkono mrefu. Hawakumsingizia. Alikuwa amechukua mayai ya huyu, chumvi ya yule, na mara moja jembe, ambalo alilirudisha usiku ule ule kwa aibu. Wazee wakaona kwamba mkono uliozoea kwenda kwa watu, acha uende na kwa pepo.

Walipomwambia, Mkunde hakulia. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaona unga umekauka kwenye kucha. Akaomba jambo moja tu, atangulie peke yake, na Shebughe mwenye shoka amfuate jua likiwa utosini. Wakamkubalia.

Akashuka. Ukungu ukamfunika hata asijue kama anatembea au anaota. Alipofika aliulaza mkono juu ya jiwe, akafumba macho, akasema, "Nimeuleta."

Akasubiri. Halafu akasikia kilio, na kilio kile alikijua. Hakikuwa cha njaa wala cha hasira. Ni kile kilio kisicho na nguvu, kinachoendelea chenyewe huku mtu akipepeta mchele. Mwenyewe alilia hivyo mwaka aliomzika mumewe. Siku ya mazishi wingu la mvua lilitanda, watu wakawahi kuondoka, wakamwacha peke yake.

Mkunde akafumbua macho. "Umefiwa?" akauliza.

Matope yakatulia.

"Mwanangu," sauti ikasema. "Kile kijito kidogo kilichokuwa kikishuka upande wa mashariki. Kimekauka. Nimekaa hapa peke yangu, nawaomba watu mkono, wananiletea ndizi."

"Pole, mwenzangu," Mkunde akasema, akauzamisha mkono ndani ya matope.

Kitu kikaushika. Kwanza kilikuwa baridi kama samaki. Kisha kikawa baridi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha kikawa mkono, mkono kama wa mtu yeyote.

Shebughe alipotokea na shoka lake, alimkuta Mkunde ameketi, mkono ungali matopeni. Akamwuliza kuna nini.

"Kuna msiba hapa," Mkunde akamwambia kwa sauti ya chini. "Weka shoka chini, umpe mkono mfiwa."

Shebughe akalilaza shoka majanini, akafuta kiganja kwenye shuka yake, akapiga goti. Aliporudi kijijini macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Akawaambia kuna msiba chemchemini. Basi wakashuka wote, wanawake wakitangulia, wamejitanda kanga. Mmoja mmoja akatia mkono matopeni akasema pole. Wakakaa matanga pale pale, siku tatu. Siku ya kwanza pepo alilia. Siku ya pili alisimulia jinsi kijito kilivyopenda kubeba majani makavu, na jinsi kilivyokataa kwenda moja kwa moja. Siku ya tatu alilala, na watu wakazungumza kwa kunong'ona wasimwamshe.

Matanga yalipoanuliwa, maji yakaanza kupanda, polepole, yakipita katikati ya vidole vya Mkunde. Siku zote tatu hakuwa ameutoa mkono wake.

Watu wakateka, wakanywa, wakanywesha watoto. Hakuna aliyeweza kumtazama Mkunde usoni. Jumbe Shemboza akamwendea. Akanyoosha mkono.

Mkunde akautazama. "Wangu una matope," akasema.

"Naona," Jumbe akasema, akaushika.

Nami ninawaambia, mtu akikuomba kitu, usikimbilie kuhesabu utakachopoteza. Muulize kwanza ana nini.

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Aliyesinzia amwulize jirani yake. Na aliyekula muhogo wangu nilipokuwa nasimulia ninamjua, nangoja aseme mwenyewe.