Miche Ndani ya Pakiti za Maziwa

Kulikuwa na mama mmoja mjane, shamba lake la nduma liko kando ya mto. Watu walikuwa wamekata mikuyu yote ya ukingoni, wakapanda mikaratusi wauze nguzo, na mikaratusi ikaunywa mto mpaka ukabaki kama mkojo wa mbuzi. Mnacheka nini? Nduma zikaanza kukauka, na nduma ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Mama hakuandika proposal. Aliokota pakiti tupu za maziwa, zile za nailoni, akazijaza udongo, akaotesha mikuyu mia tatu, akainywesha kwa kikombe mwaka mzima. Kisha akaomba kijiji kije kupanda.

Na kijiji kilikuja, full. Wakaangusha mikaratusi, wakachimba, wakapanda, wakapiga selfie, wakanywa chai ya mama, wakaenda zao.

Baada ya mwezi majani yakawa njano. Mwenyekiti wa kijiji akaja na uso wa matanga, akamweleza mama kwa upole kwamba labda mbegu zake zilikuwa dhaifu. Mama akapiga magoti, akavuta mche. Ukatoka mzima, kama jino la mtoto, bado umevaa pakiti.

"Mwenyekiti, hii ni nini?"

"Mama, tuliona tukichana pakiti tutaumiza mizizi. Tukaionea huruma."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye matope. "Mwanangu, mnanipenda, najua. Lakini huruma yenu ndiyo inaniulia miche. Leteni wembe."

Wakaing'oa yote, wakachana pakiti moja moja. Na mizizi iliyokuwa imejizungusha humo ndani, mama akawaambia waikate ili ichipue upya. Wakaikata, wakairudisha miche ardhini.

Sasa, usimwangalie jirani. Sisi tuna miaka mingapi katika udongo huu? Tunanyweshewa kila Jumapili, mbona tuko njano? Tumeugusa udongo kweli, ama kuna nailoni katikati? Tunamwomba Mungu atufanye tukue, na akishika wembe tunapiga kelele kwamba shetani ametuvamia. Seriously?

Lakini sikieni na hili, wakaidi wangu ninaowapenda: mama yule hakutupa mche hata mmoja. Hata uliokauka nusu aliuchana, akaurudisha ardhini, akaunywesha. Ndivyo tulivyoshikwa sisi.

Basi. Mto wetu uko hapo chini, na mikaratusi inayounywa ni ya kanisa hili.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Njooni na wembe. Na mashoka.