Shekue na Zimwi Lililomeza Figa

Hapo zamani, watu walipokuwa na nafasi ya kucheza kutwa nzima, palikuwa na mji uitwao Shunde, na sultani wake akiitwa Fumo Zahidi. Sultani huyu hakupenda vita wala uwindaji; alipenda mchezo wa mazimwi tu. Ulichezwa juu ya mkeka wa miraba, pamoja na kitabu kinene kilichoeleza uwezo wa kila kiumbe. Mchezaji huweka kete yake, akasema kiumbe chake chafanya nini, na karani akasoma kanuni ili ijulikane kama jambo hilo lawezekana. Na Sultani alikuwa ameapa mbele ya watu: kilichoandikwa ndicho, kisichoandikwa hakipo, awe anacheza yeye au mwingine.

Basi Sultani siku zote alicheza zimwi, na zimwi siku zote lilishinda. Aliyeshindwa alipewa adhabu ya kusimama mlangoni pa jumba kila asubuhi, mwaka mzima, akilia mlio wa punda. Adhabu hiyo nayo ilikuwa imeandikwa.

Ikawa siku moja akaitwa Maalim Bahero, mzee wa chuo, mtu wa heshima zake. Maalim alikuwa bingwa wa azima, yale maneno ya uganga, akajiambia kuwa uchawi bila maneno hauendi. Akamtuma askari wake wa mkekani alijaze zimwi pamba mdomoni. Watu wa barazani wakaguna kwa kumsifu. Karani akafungua kitabu, akasoma: "Mganga hutaka neno, ubani na ishara ya mkono. Zimwi halitaki hata kimoja, kwani uwezo wake limezaliwa nao, kama mtu na kikohozi chake." Zimwi, pamba mdomoni, likamkodolea askari jicho, askari akawa jiwe. Kesho yake Maalim akalia kama punda mbele ya wanafunzi wake.

Maalim huyo alikuwa mkwewe Shekue, maskini wa kutupwa ambaye mali yake yote ilikuwa ulimi. Shekue alipousikia mlio ule alicheka, Mungu amsamehe, na mkewe Mwanatumu alikuwa nyuma yake.

"Baba yangu analia kama punda nawe wacheka?" akasema Mwanatumu. Akakunja mkeka wake, akabeba na chungu. "Siku atakayonyamaza ndiyo siku nitakayorudi. Asiponyamaza, oa huyo punda."

Shekue akakaa jikoni peke yake, akiyatazama mafiga yaliyopoa, na moyo ukamuuma kwelikweli, kwa kuwa alimpenda mkewe na alimwonea haya mkwewe. Kisha akalikwapua figa moja, masizi na yote, akashika njia ya jumbani.

"Bwana wangu Sultani," akasema, "nimekuja kumgomboa mkwe wangu."

Sultani akafurahi, kwa maana wachezaji walikuwa wamekwisha kuadimika. Akasema, "Ukilishinda zimwi langu, mkweo huru. Lakini hutachukua upanga, wala ngao, wala dawa, wala jeshi. Ukishindwa, mtalia wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto."

"Nimekubali. Je, imeandikwa nicheze mtu?"

Karani akafunua kurasa. "Imeandikwa: kitu chochote kilichopo chini ya jua, mradi kiwe na uwezo mmoja."

Basi Shekue akalitua figa lake mkekani, tuu! Kete ya zimwi, ya mpingo na macho ya shaba, ikaruka kidogo.

"Mimi ni figa," akasema Shekue. "Uwezo wangu ni kukaa."

Baraza likaangua kicheko. "Figa moja haliinjiki chungu!" akasema Sultani akijifuta machozi. "Haya karani, soma uwezo wa zimwi, ajue amekuja kufanya nini."

Karani akasoma. Jicho la zimwi humgeuza jiwe kila linayemtazama. Wimbo wake humlaza kila ausikiaye. Moto hutoka puani mwake mara tatu kwa siku, wala si zaidi. Na huweza kumeza chochote. Lakini likisha kumeza, uwezo wake wote hulala mpaka kilichomezwa kiishe tumboni. Mtu huisha kwa zamu moja, ng'ombe kwa mbili. Na kiumbe kitakachokaa zamu saba bila kuweza kutumia uwezo wake kimeshindwa.

Sultani akaanza. "Zimwi langu linalikodolea figa jicho. Geuka jiwe!"

"Limegeuka," akasema Shekue. "Sasa linakaa."

Sultani akamgeukia karani. Karani akatia kidole kitabuni. "Imeandikwa, Bwana wangu, kuwa aliyegeuzwa jiwe hasemi, hatembei wala hapigani. Kukaa hakukukatazwa."

"Zimwi linaimba!"

"Wimbo mzuri sana. Figa halina masikio. Linakaa."

"Moto!" Sultani akapiga mkeka kwa kiganja. "Moto! Moto tena!"

Zikapita zamu tatu za moto. Shekue akalifuta figa masizi kwa kidole, akasema kwa adabu, "Bwana wangu, hili limezaliwa kwenye moto. Linashukuru kwa kukumbukwa. Linakaa."

Hapo waziri akajisahau, akacheka kwa sauti. Uso wa Sultani ukaiva. Hasira ni hasara, nasi twajua, lakini nani atamwambia mfalme? Akainuka nusu, akapiga kelele: "Zimwi linalimeza!"

"Limemezwa," akasema Shekue. "Linakaa tumboni."

Sultani akasema, "Zimwi linakodoa..." Karani akakohoa. "Uwezo umelala, Bwana wangu, mpaka figa liishe."

"Na figa laisha kwa zamu ngapi?"

Karani akatafuta ukurasa kwa ukurasa, jasho likimtoka. "Haikuandikwa kuwa laisha."

"Basi zimwi linatapika!"

"Kutapika hakumo," akasema karani kwa sauti ndogo, "na kisichoandikwa hakipo."

Wakahesabu zamu saba. Kila Sultani alipofumbua kinywa na kukifumba, Shekue alisema, "Linakaa." Ya saba ilipotimia, karani akafunga kitabu, akatazama sakafu. Zimwi lilikuwa limeshindwa, na kila mtu barazani alikuwa akiifikiria ile adhabu, ila hakuna aliyethubutu kuitaja.

Sultani mwenyewe akauliza, "Imeandikwa 'ila sultani'?"

"La, Bwana wangu."

Sasa Fumo Zahidi alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo. Asubuhi yake akatoka mlangoni na kilemba chake, mji mzima umejaa. Maalim Bahero, aliyekwisha kuachiwa huru, alikuwa mstari wa mbele. Sultani akavuta pumzi, akalia, na mlio ukatoka mwembamba, mlio wa mbuzi aliyebanwa mlangoni.

Maalim, kwa mazoea ya miaka arobaini chuoni, akainua fimbo yake. "Hapana, hapana," akasema. "Pumzi itoke tumboni. Rudia!"

Sultani akamtazama mzee, akatazama fimbo, akarudia. Safari hii punda wote wa Shunde walimwitikia. Akacheka hata akaketi chini kizingitini, akaamuru ukurasa wa adhabu uchanwe pale pale. Akampa Maalim joho, akampa Shekue ng'ombe wa maziwa.

Shekue hakungoja kushukuru mara mbili. Mwanatumu alikuwa amesimama nyuma ya umati, mkeka kwapani na chungu kichwani, akicheka kuliko wote, na anayechekwa ni baba yake mzazi.

"Twende nyumbani," akamwambia mumewe, "kabla Baba hajaniona nikicheka."