Karunguyeye Aliyeweka Kaburi Rehani

Hadithi!

Njoo!

Ije mikono mitupu?

Ije na chumvi!

Na ukweli je?

Ukweli ubaki kwao, sisi hatukuualika!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma acha kutafuna karanga kama unavunja kokoto, maana hadithi ya leo ina mambo ya benki, na mambo ya benki hata uyasikilize kwa masikio yote mawili, bado utatoka umechanganyikiwa. Mimi mwenyewe kuna mahali huwa napotea. Tukifika hapo nitawaambia.

Basi paliondokea Bibi Karunguyeye. Si nungunungu, jamani. Nungunungu ni mkubwa na ana majivuno. Huyu ni yule mdogo, mviringo kama kitumbua, mwenye miiba mifupi mgongoni. Ukimgusa tu hujikunja, kwiku, akawa mpira wa sindano, usijue kichwa ni kipi na mkia ni upi. Na kwa kukaanga vitumbua hakuwa na mwenzake. Akimimina, chwaaa, nyuki wanaacha maua.

Gulio la mwituni likampa kibanda. Lakini Nyati, mzee wa gulio, akamwambia wazi: gulio lijalo likikuta jiko hili limepoa, kibanda atapewa Kima auze ndizi. Na Bibi alikuwa na watoto wenye miiba midogo na njaa kubwa, na hakuwa na mlango mwingine wa riziki. Alikuwa na kifuko cha unga wa mchele, basi. Hakuwa na mafuta, hakuwa na chuma cha kukaangia, hakuwa na unga wa kutosha gulio zima. Kwa lugha ya wakubwa, hakuwa na mtaji.

Akaenda benki ya Tembo. Tembo akamwambia kwamba hapa hatukopeshi bila dhamana, na dhamana lazima iwe kitu ambacho Tembo akikikalia hakivunjiki. Bibi akajitazama. Akarudi nyumbani, tiki tiki tiki.

Akaenda benki ya Twiga. Twiga akainua shingo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatangaza kuwa leo hakuna mteja, akafunga dirisha. Bibi yuko pale pale chini anapunga mkono. Akarudi nyumbani, tiki tiki tiki.

Ikabaki benki ya Fisi, ile ya kwenye kichuguu, ambako wanyama wadogo huweka nafaka zao. Fisi akampokea kwa meno yote. Karibu, mtani wangu, maana ukoo wa Fisi na ukoo wa Karunguyeye ni watani tangu enzi za mababu. Akasema mkopo upo, unga upo, mafuta yapo, hata chuma kipo. Kinachotakiwa ni sampuli tu, benki ionje ijue inakopesha biashara gani.

Bibi akaenda, akakaanga kwenye kigae, akaleta. Fisi akala, nyamu nyamu, gwup. Akasema ombi linashughulikiwa, sasa iletwe sampuli ya afisa mikopo. Bibi akakaanga, akaleta. Fisi akazunguka nyuma ya kichuguu, akarudi amevaa kofia, akajitambulisha kuwa ndiye afisa mikopo. Nyamu nyamu, gwup. Akasema ombi linashughulikiwa, sasa bado bodi. Bibi akakaanga unga wa mwisho, akaleta. Fisi akazunguka tena, akarudi amevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo bodi. Nyamu nyamu, gwup.

Kisha bodi ikafuta mdomo, ikasema:

"Ombi limekataliwa. Mwombaji hana unga, na benki haimkopeshi asiye na kitu."

"Unga wangu si mmekula ninyi?"

"Hatukula, mtani. Tulitathmini."

Bibi akauliza, sasa unga ataupata wapi. Akaambiwa, kwa mkopo. Akauliza, na mkopo ataupata wapi. Akaambiwa, mkopo hupewa mwenye unga. Akauliza, na huyo mwenye unga anakopa wa nini. Fisi akavua kofia moja akakuna kichwa, akasema swali hilo ni la afisa mikopo, naye ameshatoka.

Hapo ndipo ninapopoteaga mimi. Tuendelee tu.

Bibi akarudi nyumbani, tiki tiki tiki, akalala na njaa, yeye na wanawe. Gulio linakaribia. Kima ameshaanza kupima kibanda kwa mkia.

Basi, kwa kudra, akafariki mjomba wa Fisi, mzee Kibogoyo. Na mnajua msiba wa fisi ulivyo. Waliolia ni fisi, wachimba kaburi ni fisi, wabeba jeneza ni fisi. Msiba wa fisi ukichelewa, marehemu hupungua. Kwa hiyo kaburi lilichimbwa haraka, mwili ukaletwa mbio, Fisi mbele kama mkuu wa familia.

Wakafika. Wakachungulia. Ndani ya kaburi kuna mtu amelala.

"Mtani nimefika," akasema Bibi Karunguyeye. "Nikomboeni."

Sasa mtani akilala kaburini huruhusiwi kumkasirikia. Hiyo ni mila. Unampa kitu, anatoka, mnacheka, mnazika. Wakajaribu kwanza kumtoa bila kitu. Kijana mmoja akashuka, akanyoosha mkono. Kwiku. Akapanda juu analamba vidole. Mwingine akashuka. Kwiku. Akapanda juu anakaa upande mmoja.

Fisi akaahidi jogoo. Bibi akakataa jogoo.

"Nataka mkopo," akasema. "Unga, mafuta na chuma."

"Mtani, mkopo una dhamana."

"Ninayo. Kiwanja."

"Kiwanja kipi?"

"Hiki nilichokilalia."

"Hilo ni kaburi la mjomba."

"Mjomba yumo?"

Fisi akachungulia. "Hayumo."

"Aliyemo ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kiwanja cha nani?"

Nyuma ya Fisi waombolezaji wameanza kusogeleana. Mmoja alidai anamuaga marehemu tu, lakini alikuwa anamuaga kwa ulimi. Mwingine akauliza sikio moja lina umuhimu gani maiti akishalala. Mjane, Bi Makucha, akasema kwa uchungu kwamba mkopo utolewe upesi, la sivyo watazika sanda peke yake.

Na hapo ulafi ukampa Fisi hesabu. Unga utarudi na riba. Usiporudi, anapata kiwanja. Akatabasamu. Nyati akaitwa kuwa shahidi: asipolipa siku ya gulio, benki itwae dhamana. Unga ukaja, mafuta yakaja, chuma kikaja. Bibi akatoka, mjomba akaingia, udongo ukafuata, pu pu pu.

Gulio likafika, likakuta jiko linawaka. Chwaaa, chwaaa. Foleni ikazunguka gulio lote, Kima mwenyewe akiwa katikati ameshika ndizi za kubadilishana. Jioni haijafika, Fisi huyo, anataka unga wake na riba. Bibi akamwambia kwa upole kwamba unga umeliwa na wateja, faida imeliwa na watoto, lakini benki isihofu, dhamana iko salama, haijasogea hata hatua. Nyati, kitumbua mdomoni, akaitikia kwa kichwa: mkataba ni mkataba.

Fisi akachukua jembe kwa furaha, akaenda kutwaa kiwanja chake.

Siku hiyo ukoo ulikuwa unakuja kumaliza matanga. Wakamkuta, mchana kweupe, kichwa ndani ya kaburi, makalio nje.

"Unafanya nini kwa mume wangu?" akauliza Bi Makucha.

"Namtoa mpangaji. Hii ni mali ya benki."

Wakatazamana. Hakuna aliyeelewa hata neno. Walichoelewa ni walichokiona: fisi, jembe, kaburi. Akala mkwaju, pa pa pa, huku akieleza habari za riba. Bi Makucha akamvua funguo za kichuguu, akaenda kuwarudishia wadogo nafaka zao, kisha akapitia gulioni akanunua vitumbua, akalipa.

Sasa funzo, watoto. Ukitaka mtaji, nenda benki kwa adabu, subiri jibu, ukikataliwa shukuru, wala usisumbue wafiwa. Mtazameni Bibi Karunguyeye aliyekiuka yote hayo: mpaka leo anashinda motoni, mikono mafuta, foleni haiishi, hata kulala halali. Fisi je? Amepumzika, hana kazi wala wasiwasi. Chagueni wenyewe.

Hadithi nimeiweka chini, mwenye njaa aichukue, aliyeshiba ampe jirani. Na kama hamkuelewa, basi nimeisimulia sawasawa.