Gesi Haiishi

Kaeni, lakini msikae kwa raha, maana hadithi hii imejaa hasira, na hata mimi nikiisimulia hunipanda.

Palikuwa na mafundi watatu katika gereji moja mjini Same. Hosiana alikuwa na jicho: oili ikidondoka Jumatatu, Jumatano atakuonyesha tone lilipoangukia. Mbonea alikuwa na mikono. Kilichowagomea wengine, kwake kilifunguka. Kiangi alikuwa na sikio. Alikwambia gari lako linaumwa nini kabla hujazima injini. Vipaji vitatu, gereji moja, na salamu za asubuhi zilikuwa za kununiana.

Katika mji huohuo aliishi Mzee Kajiru. Zamani boila la kiwanda cha mkonge lilipasuka likamuunguza kifua, mgongo na mikono. Alipona, lakini ngozi yenye makovu haitoi jasho. Ninyi mkipata joto mnalowa, mnapoa. Yeye joto likimwingia linabaki. Nusu saa anaanza kuyumba, ikizidi anaanguka. Na binti yake Namsifu alikuwa anaolewa Korogwe Jumamosi. Ili baba afike, kiyoyozi cha gari lao jeupe, lililomzidi bi harusi umri, kilipaswa kufanya kazi.

Hakikufanya. Kilipuliza moto.

Jumatatu mkewe, Mama Namsifu, akalipeleka gereji. Kiangi akafungua boneti, akatupia jicho moja tu. "Gesi imeisha, mama." Akajaza. Gari likapoa siku moja. Jumatano likarudi. "Gesi imeisha tena, mama." Akajaza tena. Alhamisi Mama Namsifu alishuka akaubamiza mlango mpaka kioo kikashuka chenyewe.

"Imeisha, imeisha! Imeliwa na nani?"

Nami nawauliza: neno hili nani alitufundisha? Chumvi huisha. Unga huisha, kwa sababu kuna watu wanakula. Gesi ya kiyoyozi imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka na kurudi, hakuna anayeila. Ikipungua, imetoroka. Lakini fundi akisema imeisha, sisi tunaitikia: jaza!

Hosiana alikuwa uvunguni mwa lori. Akatoka na spana mkononi. "Gesi haiishi, Kiangi, inavuja! Mara mbili unamjazia mama wa watu gunia lililotoboka!" Akakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akapaka kila kiungo cha bomba, kama mtu anayetafuta pancha. Kiungo kimoja nyuma ya taa kilikuwa na vumbi lililoshikwa na oili. Hapo povu likaanza kutokota. Ndani yake mpira mdogo wa duara ulikuwa umekauka ukapasuka. "Ningeulizwa Jumatatu," akasema, "ningejibu Jumatatu."

Mpira wa saizi ile haukuwepo Same, wala Moshi. Mbonea alipiga simu kila duka mpaka akaanza kutukana watu. Mpira pekee uliofanana ulikuwa ndani ya gari lake mwenyewe, la umri uleule, alilolifufua kwa miaka mitatu kutoka kwenye vyuma chakavu, na ubaridi wake ndio aliokuwa akitambia mjini. "Yaani gesi yangu yote itoke ili watu wakale pilau Korogwe!" alifoka. Huku anafoka, mikono inafungua. Gesi yake ikatoka ikimzomea. Akaufunga mpira kwenye gari jeupe, akajaza gesi, akabonyeza swichi.

Joto. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri.

Safari hii Mama Namsifu hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi, akasema, "Basi. Nitamwambia mzee hatakwenda." Hapo Kiangi akakasirika, na aliyemkasirikia ni Kiangi. Akazima redio, akawanyamazisha wote, akalaza sikio karibu na kompresa, pampu inayosukuma gesi. "Bonyeza!" Kimya. Kompresa ikiamka hugonga mara moja, tak. Hii haikugonga, umeme haukuifikia. Akaufuata waya kwa vidole mpaka mahali ulipolalia bomba la moto, ukaungua, ukakatika.

Angeweza kunyamaza. "Waya huu niliuacha vibaya mimi, Jumatano nikijaza gesi," akasema. Akauunga. Tak! Baridi ikatoka mpaka Mama Namsifu akajifunika khanga.

Mzee Kajiru alikuwa ameapa: aliyelitengeneza gari, huyo atamlisha kipande cha kwanza cha ndafu kwa mkono wake mwenyewe, jina likitajwa mbele za watu. Kisha amshike binti yake kichwa, ambariki, arudi garini. Mafundi wote watatu walialikwa. Ukumbi wa Korogwe ulikuwa wa bati, feni zinasukuma joto. Nje, gari likiunguruma, tayari limepoa.

Ndafu ikaletwa, mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni. Mzee akakata kipande, akakiinua. "Fundi aliyelitengeneza gari langu!"

Watatu wakasimama.

"Bila mimi mngekuwa mnajaza mpaka leo," alisema Hosiana.

"Maneno hayapozi gari," Mbonea akamjibu. "Mpira wangu ndio umo mle. Mimi nimekuja vioo wazi, nimekula vumbi la Makanya lote!"

"Maneno yako na mpira wake vilikuwepo Ijumaa," alisema Kiangi, "na gari likabaki tanuri."

"Na nani aliunguza waya?" Hosiana akadakia.

"Mimi! Mwingine angesema?"

Hakuna aliyekaa. Namsifu akaja mbio na shela lake. "Baba, mpe yeyote!"

"Nimeapa kumtaja jina, mwanangu. Yeyote si jina."

Mkono wa mzee uko juu, na uso wake ni mkavu kabisa. Dakika ishirini na tano tangu aingie. Binti kasimama mbele yake, kichwa kimeinama, hajabarikiwa. Msiniambie akate vipande vitatu. Cha kwanza ni kimoja. Aliyesema ukweli, aliyetoa chake, au aliyerudi kurekebisha kosa lake? Wewe unayetazama pembeni, kipande kiende kinywani mwa nani?

Jibu upesi. Mzee hatoi jasho.