Kanga ya Kirusi

“Usinipande kichwani, Siwatu! Nani alimmeza? Wewe?”

“Ulimmeza, dada. Lakini ulijua umemeza nani?”

Hapo zamani, katika mji wa Mwilini, humu humu ndani yetu, ndugu wawili hawa, Mwanakheri na Siwatu, waligombana mbele ya nyumba ya mkunga. Vita na jambazi Kirusi vimekwisha, mtoto wa kike kazaliwa, na desturi ya mji ilikuwa kumpa jina la aliyeuokoa. Siwatu alilitaka jina hilo mpaka mate yakamkauka.

Tangu utotoni alichekwa. Kila binti wa mtaa wa Tezi huzaliwa akiijua kanga moja tu, na kanga yake Siwatu hakuna aliyewahi kuivaa. “Bibi harusi wa kanga isiyouzwa!” walimtania.

Ndipo jambazi Kirusi alipoingia, yeye na wenzake, wote wamevaa sare ya kanga moja. Mwanakheri, mlinzi wa koo, akamdaka mmoja, akamtafuna, akammeza. Kipande cha kanga yake akakitia begani, akashika njia mpaka Tezi.

“Waijua hii?”

“Siijui.”

“Na wewe, waijua?”

“Siijui, bibi.”

Hata akafika kwa Siwatu.

“Hiyo! Hiyo ndiyo yangu!”

Siwatu akazaa mabinti, nao wakazaa mabinti, wote wakiijua kanga ile. Wakapita nyumba kwa nyumba wakitazama madirisha kama ile kanga imetundikwa, maana Kirusi hujificha majumbani mwa watu na kuzaana humo. Sheria ilikuwa kali: nyumba yenye Kirusi huchomwa, na mwenyewe ndani.

Bi Mwaka, ambaye Kirusi alikuwa kajificha nyumbani mwake, angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimrarua Kirusi kanga yake, akaitundika dirishani pake mwenyewe. Siwatu akafika na kijinga cha moto.

“Karibu, mwanangu,” Bi Mwaka alimwambia. “Choma vizuri, asitoroke hata mmoja.”

Sasa, mlangoni pa mkunga, Mwanakheri alikuwa bado anafoka. “Bila mimi ungali unachekwa!”

“Na bila mimi ungali unazurura na tambara begani!” Siwatu akacheka, kisha machozi yakamtoka. “Na Bi Mwaka, dada?”

Mwanakheri akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

Mlango ukafunguka, mkunga akatoka na mtoto kifuani. Akawatazama hao wawili, na watu wote waliokusanyika.

“Kelele zenu zimemwachisha ziwa. Jina ni moja tu, jamani. Aliyemmeza akaleta habari, aliyeitambua kanga, au aliyeitundika akijua atachomwa: je, nani alistahili?”