Mguu wa Bi Mashavu

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, maana hadithi hii inaliwa kwa masikio, na mwishoni nitawadai jibu. Mimi mwenyewe sina.

Hapa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na nne, walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja.

Mkubwa aliitwa Mhina, na kipaji chake kilikuwa kusikia. Mgeni akija, kabla hajapiga hodi Mhina amekwisha kumtaja kwa jina, kwa jinsi anavyoburuta ndala. Wa pili aliitwa Saumu, binti pekee, na kipaji chake kilikuwa kupanga. Mpe kelele za sokoni, za mabati, za mtoto anayelia, atazikalisha kila moja mahali pake mpaka ushangae mabega yako yanacheza. Wa tatu aliitwa Kibwana, kitinda mimba, na kipaji chake kilikuwa kuondoa.

Hicho cha tatu kilichekwa sana. "Kuondoa nacho ni kipaji?" Saumu alikuwa akimtania. "Basi na panya wa jikoni kwetu ni fundi." Kibwana hucheka tu. Lakini mpe wimbo uliojaa, atatoa hiki, atatoa kile, na ghafla unasikia kitu kilichokuwamo siku zote na hukukijua.

Baba yao, Semkiwa, alikuwa mdogo wangu mimi, tumenyonya ziwa moja. Mama yao, wifi yangu, alikuwa Bi Mashavu, fundi cherehani.

Bi Mashavu alikuwa na mguu mbovu. Udogoni, huko kwenye mashamba ya mkonge, toroli lilimpanda mguu wa kulia, na tangu hapo mguu ule ukawa unachelewa. Basi hata cherehani yake ilikuwa inachechemea. Za wenzake zinakwenda sawasawa kama mvua ya bati. Ya kwake inasema *gudu-gu, gudu... gu. Gudu-gu, gudu... gu.* Akifika mwisho wa mshono husimama, hukata uzi kwa meno, *kti*, huvuta pumzi, kisha mguu unaanza tena.

"Mkasi si huo hapo, Mashavu?" mume wake alikuwa akimwambia kila siku.

"Mkasi haulowanishi uzi, mume wangu. Au wewe utakuja kunitilia mate?"

Na mafundi wa zamani wana mwiko wao, muujue: cherehani ya miguu hukanyagwa na mtu mmoja. Imezoea mguu wake. Akiikanyaga mwingine inarudi nyuma, inakata uzi, inatafuna nguo. Siku moja nilijitia kuijaribu, wifi akanipiga kikofi cha paja. "Wifi, toa mguu. Utaipoteza njia."

Sasa wale watoto wake watatu walikuwa watu wa muziki. Si ule muziki wa redioni. Wao wenyewe walijiita andagraundi, maana yake wako chini, hawapigwi popote. Walikuwa na chumba cha uani, ukutani wamepigilia magodoro na trei za mayai, mezani kompyuta moja kuukuu. Vijana wa mtaani walikuja kuchana, yaani kughani kwa kasi, mashairi yao, kila wimbo na kijana wake, nao siwataji kwa kuwa hadithi si yao. Hadithi ni ya kile kilichokuwa chini ya mashairi, wanachokiita biti.

Mhina ndiye aliyeanza. Mwezi mzima alikuwa akiiweka simu yake chini ya cherehani ya mama, karibu na pedali, kwenye kitambaa ili isitikisike.

"Mhina, unarekodi nini huko chini ya gauni langu?"

"Mguu wako, mama."

"Mguu mbovu huu? Watu hurekodi sura, wewe mguu! Haya, utauoa."

Akashona, akakata uzi, akavuta pumzi, akashona. Mhina amechuchumaa, macho ameyafumba. Siku moja ya mwisho mwisho mama akasema kwa sauti ya chini, "Mhina, mwanangu, niletee maji." Mhina akasikia. Huyo ambaye husikia hata ndala za mgeni, angekosaje? Lakini mshono ulikuwa mtamu, mwendo umekaa vizuri kuliko siku zote, akaona akijibu ataharibu. Akanyamaza. Mama akangoja kidogo, akainuka mwenyewe na mguu wake, akaenda mtungini.

Siku tatu baadaye Bi Mashavu akafariki. Moyo, walisema hospitali.

Semkiwa akaifunika cherehani kwa kanga ya mkewe, akaweka kiti mbele yake, akakaa. Hakusema. Ukimwekea chakula atakula matonge mawili. Ukimsalimu atakutazama. Miezi saba, wajukuu zangu, mdogo wangu hakutoa neno isipokuwa katika sala.

Katika miezi hiyo Saumu akachukua ile sauti iliyo kwenye simu ya kaka yake, akaitia kompyutani. Akaukata ule mwendo, akaurudia, akaupa ngoma nzito ya kuegemea na besi inayonguruma kwa mbali, akaufanya njia ya wimbo mzima. Ile kompyuta ina tabia ya kunyoosha kila kitu, kama mwalimu wa gwaride. Mhina akaja akasikiliza.

"Saumu, biti linachechemea. Linyooshe."

"Mama alinyooka?"

Mhina akatoka nje. Saumu akauacha mguu uchechemee wimbo baada ya wimbo, nyimbo tisa. Alikuwa anaukumbuka mguu huo, na alikuwa anakumbuka jambo lingine pia. Mama alimwita mara nyingi: "Njoo ukae hapa, mwanangu, unitazame tu ninavyoshona." Naye, vile visikizi vimemziba masikio, alijibu kila mara, "Kesho, mama."

Kazi ikamfikia Kibwana. Dada yake alikuwa ameshajaza: kinanda, filimbi, makofi, kengele za baiskeli. Kibwana akakaa nayo siku nyingi. Akaondoa kengele. Akaondoa filimbi. Makofi akayabakiza mawili. Kisha akafika pale mama anaposimama mwisho wa mshono, na hapo akaondoa vyote, besi, ngoma, hata sauti ya kijana anayechana. Kimya. Ndani ya kimya kile unasikia *kti*, unasikia pumzi ya mwanamke, halafu mguu unarudi na dunia nzima inarudi nao.

Albamu ikatoka. Waliiita kwa jina la barabara yao. Ikapita mkono kwa mkono, simu kwa simu, vinyozi wakaipiga, mafundi gereji wakaipiga. Mimi nilikwenda kuwatazama wasikilizaji. Vichwa vinakwenda chini na juu, chini na juu, na kikifika kile kimya vichwa vyote vinaning'inia juu, kama kuku waliosikia mwewe. Kisha *gudu-gu*, vinashuka pamoja.

Msagati, fundi baiskeli wa kwenye kona, mtu mzima mwenzangu, aliniambia: "Dada, maneno yao siyashiki, wanakimbia mno. Lakini huku chini, huku chini kuna mtu anatembea."

Ijumaa moja Semkiwa alitoka msikitini, anaikokota baiskeli yake, tairi limeisha pumzi. Akapita kwa Msagati. Wimbo ulikuwa unapigwa. Mdogo wangu akasimama. Msagati anasema alimwona akiinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Rudisha," akasema.

Msagati akaiangusha spana. Miezi saba! Akarudisha.

"Rudisha tena. Hapo. Hapo anakata uzi kwa meno." Na machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. "Mkasi upo. Mkasi upo pembeni yake, mwanamke huyu!"

Mara saba aliurudisha. Baiskeli aliiacha hapo hapo, akaja nyumbani kwa miguu, akaivua cherehani ile kanga, akatuita sote. Nilikuwapo.

"Ni nani kati yenu amenirudishia Mashavu masikioni? Sikuujua uso wake tena, niliusahau, nilikuwa naona kaburi tu. Leo nimemsikia kwa Msagati. Aliyenirudishia, cherehani hii ni yake. Mmoja, si watatu. Mama yenu alisema haikanyagwi na watu wawili."

Mhina akasema, "Baba, ni mimi. Nisingemsikia nani angekuwa naye? Wangepanga nini, wangeondoa nini?"

Saumu akasema, "Baba, ni mimi. Simu ya kaka ilijaa milio, mingi mno. Mimi ndiye niliyeufanya ule mguu utembee, na nikaukatalia kunyooshwa, wakati yeye mwenyewe alitaka uwe mguu wa mtu mwingine."

Kibwana akasema taratibu, "Baba, umesimama kwa Msagati kwenye sehemu gani?"

"Kwenye uzi. Kwenye pumzi."

"Pale dada aliweka kinanda na kengele. Usingesikia pumzi."

Semkiwa akawatazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anataka kucheka kwa furaha, uso wake ulishafunguka. Kisha akauliza lile swali, na mpaka leo natamani ningemziba mdomo.

"Na sauti yake? Mmekaa naye mwezi mzima, lazima alisema neno. Nisikilizisheni Mashavu anavyosema."



"Alisema," Mhina akajibu, anatazama sakafu. "Aliomba maji. Sikumpelekea, baba. Nilikuwa narekodi."

"Basi na nisikie hayo maji."

Mhina akamgeukia Saumu: simu yake iliharibika zamani, sauti zote zilikuwa kompyutani. Saumu akamgeukia Kibwana. Kibwana akasema:

"Nilifuta, baba. Kompyuta ilijaa. Nilibakiza mguu tu. Ile nyingine niliona ni kelele."

"Kelele," Semkiwa akasema. Hakulikemea neno lile, alilirudia tu.

Hapo ndipo watoto wale walipoanza kutupiana. Mhina akamwita mdogo wake mfuta mama. Kibwana akamwambia, "Mimi nimefuta sauti, wewe ulimnyima maji." Saumu akawaambia wote wawili hawana haya. Wakamwambia, "Na wewe uliyesema kesho, kesho, ulikaa naye lini?" Niliwasihi. "Wanangu, mama yenu anasikia." Nani anisikilize? Watoto wenye masikio kama yale!

Mhina akahamia Korogwe. Saumu akaenda Pangani. Kibwana akabaki, akavunja trei za mayai ukutani, chumba cha uani sasa ni stoo ya mkaa. Vijana bado wananisimamisha njiani: "Shikamoo bibi. Albamu ya pili lini?" Nami nasema, "Marahaba, waulizeni wenyewe."

Semkiwa aliendelea kwenda kwa Msagati kila Ijumaa kusikiliza. Alikuwa anaongea sasa, neno moja, mawili. Siku ya mwisho aliniambia, "Dada, kila mmoja kanipa na kila mmoja kaninyima. Mimi nimeshindwa kupima. Neno langu nililisema, ni ahadi. Litimize wewe." Masika yale hakuyamaliza.

Sheikh amekwisha kugawa nyumba na minazi. Kwenye cherehani akasema, "Hiyo kuna ahadi ya marehemu, bibi, malizaneni kwa heri." Jumamosi ni arobaini ya baba yao. Wote watatu wanakuja, na kila mmoja ameniletea ujumbe wake. Mhina amesema akiikosa hatanuna, ila hatakuja tena. Saumu ametuma kuuliza kama pedali inatiwa mafuta. Kibwana hakutuma neno. Anakuja tu kila jioni, anakaa kwenye kile kiti cha baba yake mbele ya kanga, anaondoka.

Ile pale nyuma yangu, mnaiona. Asubuhi ya leo nilifunua nikaweka mguu wangu kwenye pedali, nikasema labda nitajua. Nikakumbuka kikofi cha wifi, nikautoa.

Haya, wajukuu zangu. Mmoja alimsikia na hakumwitikia. Mmoja alimtembeza na hakukaa naye. Mmoja aliipata pumzi yake na akaipoteza sauti yake. Bila mmojawapo, mdogo wangu angekufa bubu. Semeni mmoja mmoja, na anayetaka kusema "wote" anyamaze, hilo nalijua na halitanisaidia. Jumamosi, watakaposimama mbele yangu watatu, wewe ungeivua kanga hii ukamkabidhi nani?