Aliyejibu Bondeni

Hapo zamani, watu wa Irindi walipokuwa wakilinda mahindi kwa pinde, uwanja wao wa shabaha uligeuzwa shamba, ikabidi watafute mwingine. Desturi yao ilikuwa hii. Mmoja huchagua mahali. Wa pili huita mara tatu, "Kuna mtu?" Wa tatu huachia mshale wa kwanza. Sauti yoyote ikiitika, mahali hapo huachwa.

Maghanga alichagua bonde lililo nyuma ya kilima. Wachungaji walimwambia mbuzi hawagusi majani ya kule.

"Mimi sikuja kuchunga," akasema, akasimamisha shina la mgomba liwe shabaha.

Mwadime akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu akajibiwa, karibu kabisa na sikio: "Hakuna."

Ilikuwa sauti ya baba yake. Na baba yake alikuwa mgonjwa kitandani, vilima viwili kutoka pale. Asubuhi ile Mwadime mwenyewe ndiye aliyemnywesha uji.

"Vipi, umekuwa bubu?" Maghanga akauliza.

"Hakuna mtu," Mwadime akasema.

Mwambingu akavuta upinde. Upepo haukuwepo, lakini aliona nyasi nyuma ya mgomba zikilala na kuinuka, kama zinakanyagwa. Akaachia. Wote watatu waliona mshale ukiingia kwenye shina. Walipofika, walikuta tundu tu.

Mwadime alikimbia hadi nyumbani. Mama yake alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi, na hakuwa ameondoka hapo tangu asubuhi.

"Mbona mbio, mwanangu? Baba yako amelala."

Ndani, baba yake, mzee Mwasaru, alikuwa na mshale ubavuni.

"Nilijiona nimesimama bondeni, sina kivuli," akamwambia mwanawe. "Nikajua mimi si mtu tena. Mliponiuliza, nikajibu nilivyojua." Akakata roho.

Sasa, Irindi mshale ukiua mwenyeji, upinde mmoja huvunjwa, na mwenye upinde huo huhama asirudi. Upinde mmoja tu. Anayeuvunja ni mjane.

Baada ya maziko, pinde tatu ziliwekwa mbele ya mama, naye akapewa shoka.

Maghanga akasema, "Mama, mimi nilichagua mahali tu. Kuita haikuwa kazi yangu."

"Ila ya mbuzi uliambiwa," Mwambingu akasema. "Mimi niliambiwa hakuna mtu. Nyasi si mtu."

Mwadime akasema, "Sauti niliisikia, mama, na niliijua. Ningewaambia nini? Kwamba baba amesema hayupo?"

"Ungewaambia hivyo hivyo," mama akasema.

Akainua shoka. Mwadime aliuangalia mkono wa mama yake, maana mama hakuwa na mtoto mwingine.

Nanyi mnaosikiliza, shoka hilo lingekuwa mkononi mwenu, mngevunja upinde wa nani?